Kusuuza au Kufagia? Istilahi za Mtiririko wa Gesi katika Injini ya Mipigo Miwili

1. Utangulizi

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo kazi ya kusanifisha istilahi imekuwa miongoni mwa majukumu yake makubwa. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyoanza kutolewa katika miaka ya 1970, pamoja na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, viliwapa walimu na wafasiri msingi wa kufanyia kazi. Leo mwalimu wa sayansi hasiti kutamka kani, kanieneo au mvukizo mbele ya wanafunzi wake.

Hata hivyo, yapo maeneo ya ufundi ambayo kalamu ya mfasiri bado husita. Mfasiri anayepewa maelezo ya matumizi ya mashine hukuta sehemu nyingi ambazo fundi amekwisha kuzipa jina, kama vile plagi, pistoni, ringi na kabureta. Majina hayo hayana ugomvi. Ugumu huanza anapofika kwenye matendo yasiyoonekana kwa macho: gesi inaingia vipi, inachanganyikana na nini, na inatoka ikiwa katika hali gani. Hapo fundi hana jina kwa sababu hajaliona tendo lenyewe, na mfasiri hana jina kwa sababu hajalielewa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza eneo moja la namna hiyo, nalo ni mwendo wa gesi ndani ya silinda ya injini ya mipigo miwili. Tutaeleza kwanza jinsi injini hiyo inavyofanya kazi, kisha tutapendekeza istilahi chache. Tutaonyesha pia kwa nini tuliacha pendekezo letu la kwanza baada ya kulipeleka kwa mafundi wa Bujonde, wilayani Kyela.

2. Injini ya Mipigo Miwili

Mpigo ni safari moja ya pistoni kutoka ncha moja ya silinda hadi ncha ya pili. Yatupasa kulisisitiza jambo hili, kwani tumewahi kukutana na tafsiri iliyozungumzia "injini ya viharusi viwili". Kwa Kiingereza neno moja hutumika kwa ugonjwa wa kupooza na kwa safari ya pistoni. Kiswahili hakina ulazima wa kuurithi utata huo. Kiharusi kibaki hospitalini, na mpigo ukae katika injini.

Katika injini ya mipigo minne, kazi hugawanywa kwa zamu. Pistoni hushuka kuvuta hewa na petroli, hupanda kuvigandamiza, husukumwa chini na mwako, kisha hupanda tena kutoa moshi. Kranki huwa imezunguka mara mbili, na katika mizunguko hiyo miwili mwako umetokea mara moja tu. Kila zamu ina mpigo wake, na milango ya kuingizia na kutolea hulindwa na vali.

Injini ya mipigo miwili hufanya kazi yote hiyo katika mzunguko mmoja. Pistoni inapopanda, juu yake inagandamiza gesi iliyomo katika silinda, na chini yake inavuta hewa na petroli kutoka katika kabureta hadi ndani ya kasha la kranki. Inapokaribia ncha ya juu, plagi hutoa cheche na mwako hutokea. Pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Katika kushuka huko inagandamiza gesi mpya iliyomo katika kasha, na wakati huohuo inafunua matundu yaliyotobolewa katika ukuta wa silinda. Tundu la kwanza kufunuliwa ni lile la kutolea moshi. Baada yake kidogo hufunuliwa matundu ya kuhamishia, na gesi mpya hukimbia kutoka katika kasha kuingia silinda.

Matundu haya tunapendekeza yaitwe vilango. Kilango ni mlango mdogo usio na kitasa wala ubao wa kufungia, na katika injini hii pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga kwa kupita mbele yake. Kwa njia hiyo kilango kitatofautiana na vali, ambayo ni kifaa chenye mwendo wake wenyewe.

Fikra ya injini ya namna hii ni ya zamani. Mskoti Dugald Clerk alipata hataza ya injini ya mipigo miwili mwaka 1881, lakini yake ilihitaji silinda ya pili ya kusukumia gesi. Mwingereza Joseph Day wa mji wa Bath ndiye aliyepata hataza, mwaka 1891, ya injini ambayo kasha la kranki lenyewe hufanya kazi ya pampu. Injini ndogo nyingi za mipigo miwili tunazoziona leo ni wajukuu wa injini ya Day.

Sasa msomaji azingatie jambo moja ambalo ndilo kiini cha makala haya. Wakati gesi mpya inapoingia katika silinda, kilango cha kutolea moshi bado ki wazi. Mgeni anaingia wakati mwenyeji hajamaliza kutoka, na mlango wa nyuma haujafungwa. Tena muda ni mfupi mno. Tuseme injini inazunguka mara 5,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.012. Vilango vya kuhamishia hukaa wazi kwa takriban theluthi moja ya mzunguko, yaani sekunde 0.004. Katika muda huo silinda yapasa iondokewe na moshi na kujazwa upya, bila mpigo wowote uliotengwa kwa kazi hiyo.

3. Kilichotupeleka Bujonde

Kata ya Bujonde imo katika uwanda wa mpunga wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wengi wanaijua Kyela kwa mchele wake na kwa kakao, lakini mwenye kutafuta maneno ya ufundi hukuta huko hazina nyingine. Ziwa liko karibu, na chini ya safu ya milima ya Livingstone, upande wa mashariki, vipo vijiji ambavyo boti imekuwa njia kuu ya kuvifikia. Kwa sababu hiyo injini za boti hufunguliwa na kufungwa huko kila siku. Zaidi ya injini za boti, tulikuta misumeno ya mnyororo na mashine za kubeba mgongoni za kupulizia dawa. Pikipiki nyingi za siku hizi ni za mipigo minne, lakini mashine hizi ndogo nyingi bado ni za mipigo miwili.

Fundi mmoja alitutolea kikaratasi cha maelezo kilichokuja pamoja na injini ya boti. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiswahili, na maneno yake yalikuwa haya: mafuta yachanganywe kwa kiasi cha 50 kwa 1 kabla ya mwako, na mchanganyiko ukizidi hewa, kabureta irekebishwe. Mwenye injini alikuwa kijana anayejua kusoma vizuri, naye alisoma kwa makini. Akaelewa kwamba kuchanganya ni kazi ya kabureta, maana kabureta ndiyo iliyotajwa, na kwamba vinavyochanganywa ni mafuta na hewa. Basi akajaza tangi petroli tupu.

Petroli tupu haina kilainishi. Katika injini ya mipigo minne oili hukaa chini, katika kasha la kranki, na kulainisha kutoka huko. Katika injini ya mipigo miwili kasha hilo ndiyo njia ya gesi mpya, kwa hiyo oili haiwezi kutuama humo. Haina budi kusafiri ndani ya petroli. Injini ya kijana yule ilikwenda vizuri kwa muda, kisha pistoni ikakwama katika silinda, au kama wasemavyo mafundi, injini ikanoki. Boti ilikuwa na abiria, jua lilikuwa linatua, na upepo wa mwera ulikuwa umeanza kuamsha mawimbi. Walipiga kasia mpaka wakafika nchi kavu wote wakiwa salama. Silinda na pistoni hazikufaa tena.

Kosa halikuwa la msomaji. Lilikuwa la mfasiri, na sisi tulio katika kazi ya istilahi tuna sehemu yetu, kwa kuwa hatukumpa maneno ya kutofautisha mambo yaliyotofautiana. Tukikitazama tena kikaratasi kile tutaona matatizo mawili.

Kwanza ni neno mafuta. Katika Kiswahili, petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, oili ni mafuta, na ya kukaangia samaki pia ni mafuta. Katika mazungumzo ya kawaida hali hiyo haileti madhara, kwani mazingira hufafanua. Katika maelezo ya mashine ni hatari. Tunapendekeza wafasiri wa maandishi ya ufundi waliache kabisa neno mafuta likiwa peke yake, na waandike petroli, dizeli au oili kama ilivyo.

Tatizo la pili ni kuchanganya. Katika injini ya mipigo miwili kuna michanganyo mitatu tofauti, inayotokea mahali patatu, kwa nguvu tatu, na kwa vipimo vitatu:

(a) Mtu huchanganya oili na petroli katika dumu. Kwa injini nyingi za boti kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili kwa ujazo, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili.

(b) Kabureta huchanganya petroli na hewa. Ili petroli iungue yote, huhitaji hewa ya takriban kilo 15 kwa kila kilo 1 ya petroli.

(c) Ndani ya silinda, gesi mpya hujichanganya na mabaki ya moshi. Hakuna apimaye, na hakuna atakaye jambo hilo litokee.

Kikaratasi kilitumia neno moja kwa (a) na (b), na hakikugusa (c). Kwa bahati njema lugha yetu ina maneno ya kutosha. Kwa tendo la kwanza, ambalo ni la mtu mwenye kipimo mkononi, tunapendekeza mchanganyo. Kwa kitokanacho na kabureta tunapendekeza mseto, neno ambalo kila mpishi analijua: vitu viwili vimeunganishwa kwa makusudi ili viliwe pamoja. Kwa tendo la tatu tunapendekeza mchangamano. Kitenzi changamana huonyesha kwamba vitu vyenyewe vimeingiliana, pasipo mtu wa kuvikoroga, na hivyo ndivyo ilivyo katika silinda.

4. Jina la Tendo Kuu

Tendo la gesi mpya kuingia na kuufukuza moshi lina jina katika kila lugha yenye maandishi mengi ya uhandisi, na ni jambo la kufunza kuona kwamba majina hayo hayakubaliani. Waingereza wamechukua neno la mzoataka wa mitaani. Wafaransa wanasema kufagia. Wajerumani wanasema kusuuza. Kila taifa limetazama tendo lilelile, na kila moja limeona kazi tofauti ya nyumbani.

Sisi tulikuwa tumeandika ufagiaji. Neno hili lilitupendeza kwa kuwa ni fupi, linajulikana nchi nzima, na linazalisha maneno mengine kwa urahisi. Tulipolitamka Bujonde, fundi aliyekuwa akitusikiliza hakulikataa neno, aliuliza swali. Alitaka kujua ikiwa gesi mpya inafagia, kwa nini basi bomba la moshi la injini ya boti hutoa petroli mbichi na oili, kiasi kwamba utando wa rangirangi huonekana juu ya maji nyuma ya boti. Mwenye kufagia, alitukumbusha, hautupi ufagio pamoja na taka.

Swali hilo liliangusha pendekezo letu, kwa sababu ni la kweli kifizikia. Ufagio na taka havichangamani. Ufagio hubaki ndani, na taka hutoka. Katika silinda mambo si hivyo. Sehemu ya gesi mpya huchangamana na moshi, sehemu ya moshi hubaki ndani, na sehemu ya gesi mpya hutoka nje pamoja na moshi bila kuwaka. Katika injini za zamani za kabureta upotevu huo huweza kufikia takriban robo hadi theluthi moja ya petroli inayoingia. Neno linalomfanya mwanafunzi asilione jambo hilo ni neno linalomficha ukweli.

Kusuuza kunasema ukweli wote. Anayesuuza sufuria humimina maji safi, nayo huchangamana na maji machafu. Hutoka maji ambayo si machafu kama yale ya kwanza, wala si safi kama yale yaliyomiminwa. Hubaki uchafu kidogo, na ili kuuondoa zaidi hapana budi kumwaga maji safi zaidi. Kila mtu aliyeosha chombo anajua kwamba usafi unalipiwa kwa maji yanayopotea. Hiyo ndiyo hesabu yote ya injini ya mipigo miwili.

Tulikwisha kusikia pingamizi mbili dhidi ya neno hili. Ya kwanza ni kwamba ni neno la jikoni. Hatuoni ubaya wake. Mseto nao ni wa jikoni, na hata pistoni katika lugha ilikotoka ina asili ya kutwanga. Pingamizi ya pili ni kwamba watu husema pia kusuuza moyo, kwa maana ya kuuburudisha. Maana hiyo haigongani na ya injini, kwani hakuna atakayezichanganya katika sentensi moja. Aidha kitenzi hiki kinanyambulika vizuri: usuuzaji ni tendo kwa jumla, msuuzo ni namna moja ya tendo hilo, na hewa ya kusuuzia ni ile inayotumiwa kwa kazi hiyo.

Msomaji atakumbuka kwamba katika kuunda istilahi huanza kutafutwa neno katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho ndipo hutoholewa neno la kigeni. Hapa hatukulazimika kuvuka hatua ya kwanza.

5. Jinsi Usuuzaji Ulivyochunguzwa

Wahandisi walilitafutia tendo hili hesabu mapema. Mwaka 1914 mwanasayansi wa Uingereza Bertram Hopkinson aliandika juu ya hali mbili za kupindukia. Katika ya kwanza, gesi mpya huusukuma moshi mbele yake kama pistoni ya pili, bila kuchangamana hata kidogo. Tunaiita hali ya msukumo kamili. Katika ya pili, kila tone la gesi mpya huchangamana mara moja na kila kilichomo katika silinda, na kinachotoka ni mchangamano huo. Tunaiita hali ya mchangamano kamili. Injini halisi hukaa kati ya hali hizo mbili, na wakati mwingine huwa mbaya kuliko zote mbili. Hutokea hivyo pale gesi mpya inapotoka moja kwa moja kutoka kilango cha kuingilia hadi cha kutokea, tendo tunalopendekeza liitwe upenyo wa mkato, kama mtu anayepita njia ya mkato.

Mwalimu anaweza kuyaonyesha mambo haya matatu darasani bila injini. Atwae chombo cha lita 1, akijaze maji ya rangi hadi ukingoni, na akiweke ndani ya beseni.

Jaribio la kwanza: amimine polepole lita 1 ya maji safi huku mwanafunzi akikoroga bila kupumzika, na yanayozidi yamwagike. Rangi haitaisha. Hesabu inaonyesha kwamba chombo kitakuwa na maji safi 63 katika kila 100, na 37 yatakuwa ya rangi. Hii maana yake ni kwamba 37 katika kila 100 ya maji safi yaliyomiminwa yamepotea. Akimimina lita ya pili kwa namna ileile, maji safi yatafika takriban 86 katika 100 tu.

Jaribio la pili: ajaze tena maji ya rangi, kisha atie maji safi yaliyokolezwa chumvi kwa mpira unaofika chini kabisa, taratibu na bila kukoroga. Maji ya chumvi ni mazito, hivyo yatakaa chini na kuyainua ya rangi, nayo yatamwagika karibu yote. Huu ni msukumo unaokaribia kamili.

Jaribio la tatu: ayamimine maji safi juu kabisa, kando ya ukingo yanapomwagikia. Mengi yatatoka mara moja, na rangi itabaki karibu kama ilivyokuwa. Huo ni upenyo wa mkato.

Ndani ya silinda halisi uchunguzi ni mgumu zaidi. Alfred Jante wa Dresden, Ujerumani, alieleza mwaka 1968 njia ambayo kifuniko cha silinda huondolewa, hewa hupulizwa kupitia vilango vya kuhamishia, na mirija midogo iliyopangwa kama meno ya kitana huwekwa juu ya silinda kupima kasi ya hewa inayopanda. Silinda njema huonyesha hewa ikipanda kwa wingi kwenye ukuta ulio mkabala na kilango cha kutolea. Ikionekana inapanda upande wa kilango hicho, basi gesi mpya itakimbilia nje. Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, wakiongozwa na Gordon Blair, walitengeneza mtambo wa kuujaribu usuuzaji kwa mzunguko mmoja wa kranki kwa kutumia gesi mbili zisizo za moto. Siku hizi kompyuta hukokotoa mtiririko huo, na miale ya leza hutumika kuuona ndani ya silinda zenye kuta za kioo.

6. Njia Tatu za Msuuzo

Kutokana na uchunguzi huo injini zimegawanyika katika makundi matatu, na kila moja yahitaji jina.

Msuuzo wa kukingama ndio wa zamani. Vilango vya kuhamishia na cha kutolea hutazamana. Ili gesi mpya isivuke moja kwa moja, kichwa cha pistoni huwekwa tuta la kuielekeza juu, kama mkulima wa mpunga anavyoyageuza maji kwa tuta la jaruba. Injini nyingi za zamani za boti zilikuwa na pistoni za namna hii.

Msuuzo wa kitanzi ulitokana na kazi ya Mjerumani Adolf Schnürle katika miaka ya 1920. Vilango vya kuhamishia hukaa pande mbili za kilango cha kutolea na kuelekezwa mbali nacho. Mikondo miwili hukutana kwenye ukuta wa mbali, hupanda pamoja, hupinda chini ya kifuniko, kisha hushuka ikiusukuma moshi nje. Njia yake yote ni kama kitanzi. Pistoni haihitaji tuta tena, kwa hiyo huwa nyepesi. Njia hii imeenea katika injini ndogo.

Msuuzo wa mkondo mmoja hupatikana katika injini kubwa za dizeli za meli. Hewa huingia kwa vilango vya chini na moshi hutoka kwa vali ya juu, hivyo mwendo ni wa upande mmoja tu na mchangamano ni mdogo. Tena injini ya dizeli husuuzwa kwa hewa tupu, na dizeli hunyunyizwa baadaye. Kinachopotea ni hewa, ambayo hainunuliwi.

Fikra hiyo ya mwisho imefika hata kwenye injini za boti. Tangu miaka ya 1990 zimetengenezwa injini za mipigo miwili zinazosuuzwa kwa hewa, na petroli hunyunyizwa ndani ya silinda kwa wakati uliopimwa ili isikimbilie nje. Lakini injini za kabureta ni rahisi kutengeneza na vipuri vyake hupatikana, ndiyo maana bado zinapendwa ziwani. Mwenye nayo yafaa aelewe kwamba sehemu ya fedha yake hutoka kwa bomba la moshi, na kwamba katika injini ya boti bomba hilo hutolea majini, katika ziwa ambalo watu huchota maji na kuvua usipa.

7. Orodha ya Istilahi Zinazopendekezwa

Mpigo: safari moja ya pistoni kutoka ncha moja ya silinda hadi ya pili.

Kilango: tundu katika ukuta wa silinda linalofunguliwa na kufungwa na pistoni. Kilango cha kuhamishia ni cha kupitishia gesi mpya kutoka katika kasha la kranki. Kilango cha kutolea ni cha moshi.

Mchanganyo: tendo la mtu la kutia oili katika petroli kwa kipimo.

Mseto: hewa na petroli vilivyounganishwa na kabureta.

Shehena: mseto au hewa mpya iliyoingia katika silinda tayari kwa mwako. Neno hili limetoka katika vyombo vya majini: kilichopakiwa ndicho kitakacholipa safari.

Masalia: moshi wa mwako uliopita uliobaki katika silinda baada ya vilango kufungwa.

Mchangamano: kuingiliana kwa shehena na masalia.

Usuuzaji: tendo la kuondoa moshi katika silinda kwa kuingiza gesi mpya wakati kilango cha kutolea ki wazi.

Msuuzo: namna ya usuuzaji, msuuzo wa kukingama, wa kitanzi, wa mkondo mmoja.

Uwiano wa usuuzaji: kiasi cha gesi mpya iliyoletwa kikilinganishwa na ujazo wa silinda.

Upenyo wa mkato: kupita kwa gesi mpya moja kwa moja hadi kilango cha kutolea.

Msukumo kamili, mchangamano kamili: hali mbili za kupindukia za usuuzaji zinazotumika katika hesabu.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba istilahi ya ufundi haitoshi kuwa fupi na yenye kupendeza. Haina budi kuvumilia swali la mtu anayeijua mashine. Ufagiaji ulikuwa neno zuri mezani kwetu. Uliposhindwa kueleza utando ulio nyuma ya boti, tuliuacha.

Kwa wafasiri, tunasisitiza kwamba kabla ya kuandika mafuta au kuchanganya, mfasiri ajiulize ni mafuta gani, na nani anachanganya. Walimu watatuambia kama majaribio ya maji ya rangi yanaeleweka darasani. Watumishi wa serikali wanaoandaa matangazo ya usalama wa vyombo vya majini wanaweza kuanza na maelezo kama haya, ambayo laiti yangaliandikwa katika kikaratasi tulichoonyeshwa, kijana yule asingalikwama ziwani:

"Injini hii ni ya mipigo miwili. Usitie petroli tupu. Katika dumu, pima petroli lita 20, tia oili ya injini ya mipigo miwili mililita 400, funga na utikise vizuri. Ndipo ujaze tangi."

Maneno hayo yote yanajulikana Bujonde, na hakuna hata moja lenye maana mbili.